Kuku Saba wa Mgeni wa Takwimu

Kwa wiki mbili mfululizo nyumbani kwangu kulipikwa wali na kuku kila siku ya Mungu.

Na hizo wiki mbili ndizo nilizolala na njaa kuliko wakati wowote tangu niolewe.

Mkisoma hivyo mtasema bibi amechanganyikiwa. Sijachanganyikiwa. Nimechoka tu. Jambo lenyewe lilianza kwa heshima, likaishia kwenye mkono wa mume wangu. Niacheni niliseme polepole, maana nikikimbia nitaruka kitu.

Naitwa Domitila. Kijiji chetu kiko Itilima, ukitoka Bariadi kama unaelekea Migato, unashuka barabarani halafu unatembea nusu saa ukiwa na miguu mizuri. Mimi natembea saa nzima.

Mume wangu ni Mboje. Ana miaka sabini na nne na ana presha. Watoto wametawanyika. Wa karibu ni Shija, yuko Kiloleli analima mpunga, ana watoto saba wa kulisha, kwa hiyo simlaumu.

Nyumba yetu ina vyumba viwili. Vyumba vina bati, jiko lina nyasi.

Mwaka juzi, pamba ikiwa imeshachumwa na mabua yamebaki yamesimama shambani, mwenyekiti wa kitongoji alikuja na binti mmoja. Binti amevaa kizibao chenye maandishi mgongoni, kishikwambi amekikumbatia kifuani kama mtoto mchanga.

"Bibi, shikamoo. Kaya yako imechaguliwa."

"Marahaba. Imechaguliwa kufanya nini?"

"Kuulizwa maswali. Ni utafiti wa serikali, mapato na matumizi ya kaya. Nitakuja siku kumi na nne. Nitaandika mlichokula, mlichonunua, mlichouza, na nyumba yenu ilivyo."

Mboje akacheka pale kwenye kigoda chake.

"Siku moja ingetosha, binti. Zilizobaki zote zinafanana na hiyo."

Binti akacheka pia. Akasema anaitwa Evalina. Kisha akatusomea maneno kutoka kwenye kile kioo chake: kwamba majibu yetu ni siri, na kwamba kutoa taarifa za uongo ni kosa kisheria.

Hilo la siri sikulishika. La kosa nililishika barabara.

Kiswahili chake kilikuwa cha Dar kabisa. Poa bibi. Usijali bibi. Nikajua huyu katoka mbali, na katoka mjini.

Sasa nieleze jambo moja kwa msiotoka huku.

Kwetu mgeni akikanyaga uwanja wako, humuulizi kama amekula. Unawasha moto. Na mgeni hapewi michembe. Michembe ni viazi vitamu tunavikata vipande vyembamba, tunavianika juani, vinakuwa akiba ya kiangazi. Unachemsha, unakula na chai ya rangi, kama una karanga unashukuru. Marehemu mama alikuwa anasema michembe ni ya wenye nyumba. Mgeni anachinjiwa.

Lakini mgeni tuliyefundishwa ni wa siku moja. Akizidi sana, mbili.

Hakuna mtu aliyewahi kutufundisha mgeni wa siku kumi na nne anafanywaje.

Siku ya kwanza nikachinja kuku wangu mweusi.

Siku ya pili nikamalizia kifua na mgongo. Ndivyo nilivyogawa: kuku mmoja siku mbili. Leo mapaja na firigisi, kesho yaliyobaki. Ukipiga hesabu, ni kuku saba.

Mimi nilikuwa nao watatu.

Wa nne na wa tano niliwachukua kwa Milembe, wifi yangu. Wa sita alikuwa jogoo wa Luhaga, jirani yetu wa upande wa kisima, jogoo mwekundu mwenye majivuno kama mwenyewe. Wa saba nilimbadilisha na sufuria yangu kubwa, ile ya kwenye misiba na harusi. Mchele niliupata kwa kutoa michembe, debe baada ya debe, mpaka kihenge kikalia ukikigonga.

Kila siku Evalina anakuja, namnawisha mikono, natenga chakula. Akimaliza anawasha kile kioo.

"Bibi, jana mmekula nini?"

"Wali na kuku."

"Na asubuhi?"

"Chai."

"Chai na nini?"

Hapo nilipata aibu. Chai na nini? Chai na mdomo.

"Na mkate," nikasema.

Mboje akakohoa. "Mkate wenye siagi," akaongeza, mzee wangu yule, bila hata kutikisa ndevu.

Evalina akainamia kile kioo. Akabonyeza, akabonyeza.

Halafu Mboje ananigeukia, ananiita kwa jina la baba yangu, ananiuliza kwa Kisukuma, "Ng'wana Maige, na sisi usiku tutakula nini?"

"Usiulize hayo mbele ya mgeni," namjibu kwa Kisukuma hicho hicho.

"Si hasikii huyu. Hata salamu ya mwangaluka hajui. Nauliza, michembe ipo?"

"Iliyopo ni ya kubadilishia mchele wa kesho."

"Kwa hiyo tunakunywa maji."

"Yako mtungini."

Binti wa watu macho yako kwenye kishikwambi. Anatafuna polepole, tonge dogo, tonge dogo, machozi yanamlengalenga. Nikadhani pilipili. Kesho yake sikutia pilipili. Machozi yakawa yaleyale.

"Kula mwanangu," namwambia. "Usione aibu. Hapa ni kwenu."

"Asante bibi," anasema, na sauti inatoka kama mtu anayepanda mlima.

Mtauliza, kuku mzima siku mbili, ninyi mlikosaje? Nyumba inayonukia kuku haikosi wageni. Luhaga anapita kuuliza jembe. Milembe anapita kumwangalia kaka yake. Huwezi kumwambia mtu ondoka sufuria ikiwa imefunuliwa. Sisi tulibaki na shingo na mchuzi, na juma la pili mchuzi wenyewe ulikuwa maji yaliyosikia habari za kuku.

Siku ya mwisho Evalina alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Akafungua mdomo kama anayetaka kusema jambo, akaufunga. Akaniandikia namba yake ya simu kwenye kipande cha karatasi.

"Bibi, sasa pumzikeni," akasema.

Nikamsindikiza hadi kwenye njia panda. Niliporudi nililala mchana kweupe, kitu ambacho sijafanya tangu uzazi wa mwisho.

Ningekuwa nimeishia hapo, hii ingekuwa hadithi ya kuchekesha.

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata, mahindi yakiwa magotini, ikaja kamati ya kijiji ikiongozwa na mtendaji wetu, Januarius. Kazi yao ilikuwa kuhakiki wazee wasiojiweza. Mboje alikuwa na kitambulisho cha wazee hao. Ukiwa nacho unatibiwa bure, na vidonge vya presha unapewa. Sasa walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba kuona nani bado anastahili, kisha wapeleke orodha mpya.

Siku hiyo Mboje hakuwepo. Alikuwa zahanati kupimwa presha. Kwa kitambulisho hicho hicho.

"Mwangaluka mayu," Januarius akanisalimia, akiniita mama kwa Kisukuma. Ni kijana wa kwetu, nilimbeba mgongoni wakati mama yake akipalilia.

"Mwangaluka. Karibuni."

Akafungua daftari. "Mayu, ni maswali mawili matatu tu. Kula yenu ikoje siku hizi?"

Jamani.

Nikaona lile daftari, nikakiona akilini na kile kishikwambi cha Evalina. Mimi elimu yangu ni darasa la saba, lakini hesabu hii niliipiga haraka: serikali ni moja. Mkono mmoja wa serikali umeshaandika kuku. Nikimwambia mkono wa pili michembe, si watakaa mezani wakalinganisha? Na binti alishasema uongo ni kosa kisheria.

Nikaona heri uongo mmoja ulionyooka kuliko maneno mawili yanayopishana.

"Tunakula vizuri," nikasema.

"Vizuri vipi, mayu?"

"Wali. Kuku."

Januarius akainua kichwa. Akaangalia jiko langu, zile nyasi zilizopwaya. Akaniangalia mimi.

"Mayu, una uhakika?"

"Andika, mwanangu. Tunajiweza."

Akaandika.

Mboje aliporudi nilimwambia kamati imepita, vitambulisho vinachapwa upya, tusubiri. Akasema sawa. Ni mtu wa kusubiri. Mkulima wa pamba asiyejua kusubiri ataacha kulima.

Kile cha zamani kiliendelea kufanya kazi kama miezi miwili hivi. Siku moja pale dirisha la dawa zahanati akaambiwa jina halipo tena, anunue dawa.

Tulinunua mara moja, Shija alipotuma pesa. Kisha nikaanza kuvigawa vidonge. Kidonge kimoja nakikata nusu, leo nusu, kesho nusu. Baadaye robo. Nilikuwa nakata kwa wembe juu ya kifuniko cha sufuria, na ule unga unaobaki kwenye kifuniko nampa aulambe.

Asubuhi moja ya mwezi wa nane alikuwa anakunywa chai. Kikombe kikaanguka.

Akakiangalia pale chini. Akauangalia mkono wake wa kulia kama mkono wa mtu mwingine.

"Ng'wana Maige," akasema, na mdomo umeenda upande, "nani ameangusha kikombe?"

Mdomo ulirudi baada ya siku kadhaa. Mguu ukarudi nusu. Mkono haukurudi. Mkono uliolima ekari nne za pamba ukawa unalala pajani kama paka.

Na mimi peke yangu ndiye niliyejua ulianzia wapi.

Mwezi uliofuata, tuko nje tunachambua kunde, redio ikasema takwimu za ule utafiti zinakaribia kutolewa. Hali ya makazi, mapato, matumizi ya kaya, mikoa yote, Simiyu ikiwemo. Wananchi wakae tayari.

Luhaga alikuwa amekaa na sisi. Akajipiga pajani.

"Ee bwana! Siku hiyo siendi popote. Jogoo wangu atasomwa redioni!"

Mboje akacheka, lile cheko lake jipya la upande mmoja.

Mimi sikucheka. Mikono iliganda kwenye kunde.

Maana kwa akili yangu matokeo ni matokeo. Ya darasa la saba si yanatoka jina kwa jina? Mtoto wa fulani kafaulu, wa fulani kafeli, yanabandikwa ukutani watu wanasukumana kusoma. Nikajua na haya yatabandikwa. Kaya ya Mboje: wali, kuku, mkate, siagi. Inajiweza. Kijiji kizima kitacheka. Na Mboje atauliza, kama tuliandikwa hivyo, ndiyo maana kitambulisho changu hakikurudi?

Atahesabu siku kurudi nyuma. Atafika kwenye mkono wake.

Nikaamua niende Bariadi nimtafute Evalina afute kabla hayajasomwa.

Simu yake haikupatikana. Nikamdanganya Mboje kuwa naenda kuangalia bei ya choroko, nikatembea hadi barabarani, nikapanda mchomoko, zile gari ndogo, tumebanana watu wanne kiti cha nyuma na mmoja ameshika bata. Mjini nikauliza ofisi moja, wakanituma ya pili. Ya pili mlinzi akaniambia, "Bibi, hao vijana wa vishikwambi walikuwa wa mkataba. Mkataba umeisha zamani. Ila Evalina namjua, yuko sokoni, safu ya dagaa."

Nikamkuta kweli. Mbele yake ana mafungu ya dagaa wa Lamadi, mgongoni ana mtoto.

Akaniona, akasimama.

"Mwadila mayu!"

Nikageuka kuangalia kama kuna mtu nyuma yangu amesalimia.

"Mayu Domitila, karibu ukae," akaendelea, na alikuwa anaongea Kisukuma. Si cha kubabaisha. Kisukuma cha mtu aliyekulia humo.

"Wewe," nikasema, "umejifunza lini?"

"Nilizaliwa nacho, mayu. Mimi ni wa Malampaka. Kwetu ni pale karibu na stesheni."

Nikakaa.

"Kwa hiyo siku zile..."

"Nilisikia yote." Akainamisha kichwa. "Mkubwa wetu alituambia kwenye kazi tuongee Kiswahili tu, tusiingie kwenye mazungumzo ya nyumba za watu. Siku ya kwanza nikaona haya kuwakatiza. Siku ya pili ikawa nimechelewa. Nisameheni."

"Ulisikia na ya maji mtungini?"

"Nilisikia."

"Na bado ukala kuku wangu?"

"Mayu, mimba ilikuwa ya miezi miwili. Kuku nilikuwa simwezi hata kwa harufu. Nilikuwa namezea machozi. Lakini umeshachinja, ningekataaje? Na kule jikoni nilikuwa nasikia harufu ya michembe, natamani niombe hata kipande kimoja."

Tukatazamana.

Kuku saba jamani. Mpishi hakuwala, mlaji hakuwataka.

Nikataka kucheka, nikashindwa. Nikamwambia kilichonileta. "Sasa mwanangu, nisaidie ufute. Yanataka kutangazwa."

"Nifute nini?"

"Ile ya kwamba tunakula kuku kila siku. Wasitusome redioni."

Akaacha kupima dagaa.

"Mayu, hakuna jina litakalosomwa. Kinachotoka ni jumla. Ni kama debe la mtama, nani atakuambia punje ipi ilitoka shamba la Mboje? Halafu mimi sikuandika hivyo. Chakula cha mgeni kina mahali pake pa kuandikwa, na nikaandika kuku wa kuazima ni wa kuazima. Michembe niliiandika. Siku mliyolala bila kula niliiandika. Kazi yangu ilikuwa kuandika kweli ya nyumba ile, na kweli nilikuwa naisikia kwa masikio yangu."

"Kwa hiyo serikali haijui kuwa sisi tunajiweza?"

"Haijui jina lako kabisa, mayu."

Mtoto mgongoni kwake akaanza kulia, akambembeleza kwa kutikisa mabega.

"Mimi nimewaambia kamati tunajiweza," nikasema. "Ili yalingane na yako."

Evalina akaweka mkono mdomoni.

"Hao ni watu wengine, mayu. Ni kazi nyingine kabisa. Hawana habari na kishikwambi changu."

Nikauliza, "Na wewe kazi?"

"Iliisha. Nilikuwa napima maisha ya watu, sasa napima dagaa." Akafunga makopo mawili ya dagaa kwenye gazeti, akanisukumia. Nilipofungua fundo la kanga akanishika mkono, akakataa.

Kesho yake asubuhi nilikuwa kwa Januarius kabla hajafungua mlango wa ofisi. Nikamwambia yote, kuku, kishikwambi, daftari. Alinisikiliza ameshika funguo.

"Mayu, siwezi kukurudisha mimi peke yangu hapa mezani. Watu watasema nimeandika kwa kujuana. Kuna mkutano wa kijiji Alhamisi. Majina ya wazee yatasomwa tena, anayetaka kuongeza anasimama. Ulisema mbele ya kamati. Sasa sema mbele ya kijiji."

Unaona? Ile aibu niliyoikimbia kwa kuku saba ilikuwa imekaa inanisubiri kwenye mkutano.

Alhamisi tukakusanyika kwenye ghala la pamba. Mboje aliletwa na baiskeli ya Milembe, amekalishwa nyuma, mkono umefungwa na kanga usining'inie. Sikuwa nimemwambia kitu. Siku tatu nilifungua mdomo, siku tatu nikaishia kumuuliza kama anataka maji.

Januarius akasoma majina. Akafika mwisho.

"Kuna mwenye la kuongeza?"

Nikasimama.

"Mimi Domitila, mke wa Mboje. Niliwaambia kamati tunajiweza. Nilisema uongo. Hatujiwezi."

Minong'ono ikaanza.

"Jana asubuhi tumekunywa uji wa mtama, hauna sukari. Mchana hatukula. Usiku tumekula ugali wa muhogo na kisamvu. Juzi michembe asubuhi na michembe usiku. Mboje alikuwa na kitambulisho cha dawa, mimi ndiye niliyekikatisha kwa mdomo wangu. Dawa zikaisha. Mkono wake ule pale, mnauona."

Sikumwangalia. Niliangalia mizani ya pamba iliyokuwa inaning'inia.

Luhaga akanyanyuka, kidole juu.

"Hapana! Mwenyekiti, hapana! Tusidanganywe hapa. Huyu mama alimlisha yule binti wa serikali kuku wiki mbili nzima! Wiki mbili! Mimi ni shahidi, jogoo wangu mwenyewe nilimwazima!"

Watu wote wakaniangalia mimi.

Nikamgeukia.

"Luhaga, mwenye kuku huja kwako kuazima jogoo?"

Mtu mmoja nyuma akapasuka kicheko. Halafu wa pili. Halafu ghala zima, akina mama wanagongeana mikono, mpaka Januarius akafunika uso na daftari. Luhaga alibaki amesimama na kidole chake juu, hajui akiweke wapi.

Milembe akapaza sauti, "Na kwangu alichukua majike mawili! Na sufuria lake kubwa liko kwa watu mpaka leo!"

Kicheko kilipopungua, ikasikika sauti ya Mboje. Haina nguvu tena sauti ile, watu wakalazimika kunyamaza.

"Huyu mke wangu anasema kweli," akasema. "Ila kuna kitu amesahau."

Nikajua sasa ndiyo yanakuja.

"Kile kisamvu hakikuwa na chumvi."

Safari hii hakuna aliyecheka. Januarius akainama, akaandika.

Tulirudi nyumbani polepole, mimi nasukuma baiskeli upande mmoja, Milembe upande mwingine. Milembe alipotuacha, nikamsaidia Mboje kukaa, nikapiga magoti mbele yake kama siku ile nilipoletwa kwao.

"Nilikuficha," nikamwambia. "Ningesema mapema, labda mkono..."

"Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Milembe aliniambia tangu mwezi wa tatu. Mke wa mmoja wa kamati alimwambia kisimani."

Nikamtazama. Miezi yote ile. Nusu kidonge, robo kidonge, anafungua mdomo, anameza, ananiangalia.

"Kwa nini hukusema? Ungeenda kwa Januarius ungesema!"

Akauinua mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akaubadilisha paja.

"Niende nikasimame mbele ya Januarius, mtoto wa Ngassa, niseme Mboje hana chakula?" akasema. "Ng'wana Maige, kamati ile ingenikuta mimi nyumbani, ningewaambia tunajiweza. Tena ningeongeza na ng'ombe."

Basi tukacheka. Tulicheka mpaka nikalia, nikalia mpaka nikachoka, nikaenda kuwasha moto.

Kitambulisho kimetoka mwezi uliopita. Walitaka alama ya dole gumba la kulia, halikuinuka, nikamshika mkono nikaubonyeza mimi. Vidonge anapewa, anameza kizima. Mkono umebaki pale pale. Daktari anasema dawa inazuia kinachokuja, hairudishi kilichokwenda.

Takwimu zenyewe bado. Redio inasema hivi karibuni. Zikitoka tutazisikiliza kama watu wengine.

Ninyi mnaosoma, mimi sina elimu ya kuwafundisha. Nasema tu hili. Kumpa mgeni chakula chako ni heshima, endeleeni. Lakini mtu mwenye kalamu akikuuliza jana umekula nini, mwambie ulichokula. Kama ulikunywa maji, sema maji. Aibu ya kusema inaisha siku hiyohiyo watu wakishacheka. Ya kuficha mimi naiogesha kila asubuhi, naivalisha shati, naanza na mkono wa kulia.